Kugeuza Stainz ya LGB iwe kichwa cha mvuke cha shamba la mkonge: nianzie wapi?

Mkonge600

Wakuu, habari za kazi. Ninayo Stainz ya LGB (watengenezaji wa treni za modeli), ile injini ndogo ya magurudumu manne ya reli ya 45 mm, toleo la zamani lisilo na dekoda, kile kifaa cha kuendesha treni kidijitali. Inatembea vizuri, ila sura ni ya duka la midoli: plastiki inang'aa, taa kubwa, na dereva ametabasamu kama yuko harusini. Nataka iwe kichwa cha mvuke cha reli nyembamba ya shamba la mkonge upande wa Tanga, kinachochoma kuni, kilichochakaa kwa kazi lakini kisiwe gofu.

Vifaa nilivyonavyo: drili ndogo, seti ya tupa, misasa, pasi ya kulehemu ya wati 40 na rangi za kopo za kupuliza. Bunduki ya rangi sina. Naomba ushauri kwenye dohani ya kuzuia cheche, unene wa mabomba na vishikio, rangi ya kushika kwenye plastiki hii, na kama naweza kuweka taa za LED bila dekoda. Je, nibaki kwenye kipimo cha 1:22.5?

fundi_tupa

Mkuu, swali lako la mwisho ndilo la kwanza. Ukilikosea, vikorokoro vyote utakavyobandika vitabaki mapambo juu ya mdoli.

Stainz halisi ilijengwa na Krauss ya Linz mwaka 1892 kwa reli ya 760 mm huko Austria. LGB wakaiweka kwenye 45 mm, ambayo kwa 1:22.5 ni sawa na reli ya mita moja, yaani geji ya njia ya Usambara iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893. Reli za ndani ya mashamba ya mkonge ni habari nyingine. Zile zilikuwa za 600 mm, vitoto vya reli vya kusombea majani hadi korona, yaani kiwanda cha kutoa nyuzi kwenye majani ya mkonge. Sasa gawanya 600 kwa 45, unapata 1:13.3. Wenye fani hii hutumia 1:13.7, yaani inchi 7/8 kwa kila futi, na hapo 45 mm inakuwa 617 mm. Zile 17 mm zilizozidi ni 1.2 mm tu kwenye modeli, hakuna jicho la kuziona.

Kwa hiyo chini usiguse: boksi la mota, magurudumu na fremu vibaki. Kinachobadilika ni kila kitu anachokigusa binadamu. Dereva wa mita 1.70 kwenye 1:22.5 ana urefu wa 76 mm, kwenye 1:13.7 anafika 124 mm. Kibanda cha Stainz hakimtoshi hata akipiga magoti. Ukishainua kibanda, ukapanua mlango na kunenepesha vishikio, mashine ileile inakuwa injini ndogo ya shamba inayoaminika, ya sura ya zile za Orenstein & Koppel za Berlin. Pima na gurudumu lako kisha zidisha kwa 13.7. Likiwa na 30 mm, hiyo ni kama sentimita 41 kwenye uhalisia: dogo, lakini si la ajabu kwa kiberenge cha shamba.

Kibanda: kata shiti ya PVC ya 2 mm, ile wanayotumia wachora mabango. Sakafu iwe 36 mm juu ya kichwa cha reli, na kutoka sakafuni hadi chini ya paa 139 mm (ni mita 1.9). Upana wa nje 110 mm, mlango 37 mm. Kabla ya kuunganisha, kata kwanza umbo hilo kwa boksi la viatu, liweke juu ya fremu, uizungushe injini kwenye kona yako kali kuliko zote. Kwenye kona za nusu kipenyo cha 600 mm kibanda kirefu kinachomoza nje kwa nyuma na kugonga nguzo au kuta ambazo Stainz ya dukani ilikuwa inazipita bila shida. Boksi ni bure, shiti ni hela.

Madirisha ya mbele ya mviringo: tafuta macho ya shaba yanayopigwa kwenye maturubai, yenye tundu la 15 hadi 18 mm. Tayari yana ukingo wa kupendeza, huna haja ya kuchonga kitu.

Boila: bomba la PVC la 63 mm kwa nje linakupa sentimita 86, ambao ni mwili mzuri. Kama fremu haikuruhusu, la 50 mm lina sentimita 68 na bado linapita. Mikanda ya boila iwe vipande vya tepu ya alumini vya upana wa 3.5 mm, vinne au vitano, kiungio kikae chini kisionekane.

Dohani: shina ni bomba la nyaya za umeme la 20 mm. Tumbo lake ni faneli mbili ndogo za plastiki zenye mdomo wa 45 mm hivi, zikatwe mikia, zigundishwe mdomo kwa mdomo. Kwenye mshono zungushia ukanda wa 3 mm na upige ribiti. Juu weka wavu wa chujio la chai. Jumla, kutoka mgongo wa boila hadi juu, usizidi 65 mm. Hii si urembo. Injini ya kuni inatema cheche, na shambani kuna nyuzi zimeanikwa, kavu kama karatasi. Kichungi ndicho kilichokuwa kinazuia moto. Kile kifaa cha moshi wa mafuta kitoe. PVC huanza kulainika kwenye nyuzi joto 75 hadi 80, na mafuta yake huangukia rangi uliyoihangaikia ikaanza kung'aa upya.

Mabomba na vishikio: usinunue kitu. Waya wa shaba wa nyumba, ule wa uzi mmoja, ndio duka lako. Wa 2.5 mm² una kipenyo cha 1.78 mm, ambacho kwa kipimo chetu ni bomba la 24 mm: hicho ndicho kishikio. Wa 4 mm² una 2.25 mm, tumia kwa maji ya injekta, kile kifaa cha kuingiza maji kwenye boila. Wa 1.5 mm² una 1.38 mm, tumia kwa vibomba vya mafuta ya silinda. Kunyoosha: bana ncha moja kwenye jiliwa, ncha ya pili ishike kwa koleo, vuta mpaka uhisi waya umekubali kidogo. Hapo unanyooka kama mshale na unakuwa mgumu zaidi. Vishikilio vya kushika waya: kotapini za 2 mm, jicho libaki nje, miguu iingie kwenye tundu la 2 mm na kutiwa epoksi kwa ndani.

Ribiti: kichwa cha 20 mm kwa uhalisia ni 1.5 mm kwako, nafasi ya katikati kwa katikati 4 mm. Tone la gundi nyeupe kwa ncha ya kijiti cha meno linafanya kazi, ila linasinyaa karibu nusu likikauka, hivyo rudia mara mbili. Chora mstari wa penseli na alama za rula kwanza. Ribiti zilizopinda zinaonekana kutoka mlangoni.

DadaRangi

Naongezea upande wa rangi, maana hapo ndipo kazi nzuri nyingi huharibikia.

Kaka, kwenye injini yako kuna plastiki za aina mbili na haziishi pamoja. Mwili wa LGB ni Luran S, plastiki ngumu inayostahimili jua. Hiyo inapokea rangi na gundi vizuri. Lakini vishikio vya kiwandani na vipande vingine vinavyopinda bila kuvunjika ni vya plastiki ya kuteleza, jamaa ya ile ya gia. Hiyo haishiki rangi wala supa gluu. Utaipuliza itapendeza, baada ya wiki itachunika kama ngozi ya kitunguu. Usihangaike nayo, badilisha kwa ule waya wa shaba.

Asetoni na thina kali usizisogeze karibu na mwili, zinauyeyusha. Gundi ya mabomba ya PVC nayo ni hivyohivyo. Kwa PVC na PVC ni safi, kwa PVC na mwili wa LGB tumia epoksi.

Kuosha: sabuni ya vyombo na mswaki, suuza, acha ikauke usiku mzima, kisha futa kwa spiriti. Baada ya hapo usishike kwa vidole vitupu. Piga msasa namba 600 mpaka mng'ao ufe. Praima ya kijivu mikono miwili myepesi, kopo likiwa 20 hadi 25 cm kutoka kwenye kazi, anza kupuliza nje ya kitu na umalizie nje ya kitu. Praima ya kijivu ina faida nyingine: inakuonyesha mishono na mikwaruzo uliyodhani umeimaliza. Jaza, piga msasa, puliza tena.

Kwa mliopo pwani: rangi ya kopo ikipulizwa kwenye unyevu mwingi inapata ukungu mweupe. Kimiminiko kinapokauka haraka kinapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake na kunaswa. Wakati wa masika usipulize asubuhi mapema wala jioni. Subiri saa nne, saa tano, jua likiwa limepasha hewa, na kopo likae dakika kumi kwenye maji ya uvuguvugu, si ya moto. Ukungu ukishatokea, mara nyingi mkono mwepesi wa rangi ileile siku kavu unaufuta.

Rangi yenyewe isiwe nyeusi tupu. Modeli ndogo yenye nyeusi ya kopo huonekana kama shimo, maumbo yote yanapotea. Tafuta kijivu cheusi kisichong'aa kwa boila na kibanda, nyeusi kabisa uiache kwa boksi la moshi na dohani. Hapo jicho linaona mashine ina sehemu mbili: ile inayoungua na ile inayofutwa na tambara.

Kuchakaza kufuate maji na joto yanavyotembea, siyo kupaka uchafu kila mahali. Angalia sehemu moja tu, vali ya usalama juu ya boila. Mvuke unatoka, maji ya chumvichumvi yanadondoka, yanakauka kwenye bati la moto. Kinachobaki ni michirizi myeupe ya chokaa, myembamba, inayoanzia kwenye kiungio na kushuka kufuata mduara wa boila, ikipanuka kidogo na kufifia kabla ya kufika kwenye mkanda. Fanya kwa rangi nyeupe chafu iliyozimuliwa sana, brashi namba 0, mchirizi mmoja mmoja, kisha pitisha brashi yenye maji ukivuta chini. Mitatu au minne inatosha. Michirizi kama hiyo iweke na pale injekta inapomwaga maji. Kwingineko usiiweke.

Moshi wa kuni huacha lami ya kahawia, kwa hiyo dohani ya kuni haifanani na ya makaa: mdomoni nyeusi ya masizi, tumboni kahawia iliyokolea. Fito zinazounganisha magurudumu ziwe na mng'ao wa mafuta. Hapo ndipo pekee unaporuhusiwa kuacha kitu king'ae.

Vumbi jekundu la chini: watu hupenda kuchekecha udongo wenyewe kwa kitambaa. Rangi ni sahihi, lakini pitisha sumaku kwanza. Udongo mwekundu mara nyingi una chembe za chuma, zikiingia chini zinakimbilia sumaku ya mota na kukwangua. Chaki za kuchorea zilizosagwa kwenye msasa ni salama zaidi. Vanishi isiyong'aa itangulie, chaki ifuate. Ukipuliza vanishi juu ya chaki, karibu nusu ya vumbi linatoweka.

volti24

LED bila dekoda inawezekana, ila usiunge moja kwa moja kwenye nyaya za taa ya zamani.

Umeme wa relini kwa mfumo wa kawaida unabadilika: volti zinapanda na mwendo, na chanya inageuka hasi ukirudi nyuma. LED huvumilia volti za kinyume kama 5 tu, ukirudisha treni kwa volti 15 imekufa. Basi weka daraja la dayodi nne kwanza, ili LED ipate chanya upande uleule daima. Hesabu ya juu kabisa: volti 24, toa 1.4 za daraja, toa 3 za LED nyeupe, zinabaki 19.6. Rezista ya 2.2 kΩ inakupa karibu 9 mA. Joto lake ni kama wati 0.18, kwa hiyo chukua ya nusu wati. Ya robo wati itafanya kazi lakini ikiwa imegusa plastiki itaacha alama. Ili isipepese kwenye reli chafu, weka kapasita ya 220 µF ya volti 35 baada ya daraja, kabla ya rezista, uangalie chanya na hasi. Ukitaka taa ya mbele iwake kwenda mbele tu, usiweke daraja wala kapasita, unganisha dayodi moja ya 1N4007 kwa mfululizo na LED na rezista ileile.

Rangi ya mwanga iwe ya njano ya joto. Nyeupe ya bluu kwenye taa ya mafuta ya taa inachekesha.

Swichi ya kibandani usiizike chini ya sakafu mpya. Acha kifuniko kinachofunguka, rundo la kuni la nyuma linaweza kuwa hicho kifuniko.

Uzito: mwili wa PVC ni mwepesi na mrefu, injini itayumba. Ongeza gramu 150 hadi 200 za risasi za kuvulia samaki, ziwe chini kabisa, sawa kushoto na kulia. Zaidi ya hapo unazitesa gia. Na zifungwe kwa epoksi, narudia, epoksi. Risasi ikizungukwa na gundi nyeupe ya seremala huanza kuoza kwa asidi yake, inavimba polepole na baada ya miezi au miaka inapasua plastiki kutoka ndani.

Mkonge600

Shukrani sana wakuu, na dada pia. Nimehamia 1:13.7, kibanda cha boksi la viatu kimepita kona zote baada ya kupunguza upana hadi 106 mm. Nilipofungua sahani ya chini kusafisha grisi ya zamani, magurudumu yalitoka na gia zake. Nimerudisha, sasa inachechemea: inakwama kidogo, inaruka, inakwama. Fito sijazipaka rangi bado. Tatizo ni nini?

volti24

Ikikwama mara moja kwa kila mzunguko wa gurudumu, ekseli moja imerudi ikiwa imeruka jino la gia. Kwenye injini hii ekseli zote mbili zinaendeshwa na gia, fito zinafuata tu. Gia zisipokubaliana na fito, fito zinageuka breki.

Hakikisha hivi: toa fito za pande zote mbili, washa. Ikitembea laini, mota na gia ni nzima. Sasa igeuze tumbo juu, zungusha mpaka pini za fito za upande wa kulia ziwe chini kabisa kwenye gurudumu la mbele. Tazama la nyuma upande huohuo: pini yake lazima iwe chini kabisa vilevile. Ikiwa imepitiliza au imebaki nyuma, fungua sahani, inua ekseli hiyo tu, izungushe jino moja, rudisha. Kagua na upande wa kushoto, ambako pini zote mbili zitakuwa zimelala mbele au nyuma kwa robo mzunguko. Usitoe gurudumu kwenye ekseli hata kidogo. Ile robo ikipotea hutairudisha kwa macho.

Ukishamaliza, grisi inayofaa plastiki kiasi cha punje ya mchele kwenye gia, basi. Ile ya magari ya madukani usitumie. Na futa visugulio vinavyogusa reli pamoja na brashi za kaboni za magurudumu, maana grisi ya zamani hupenda kuhamia huko na kufanana na ubovu wa mota.

fundi_tupa

Hiyo 106 mm ni mita 1.45, iko sawa kabisa.

Kuni hukuuliza, lakini nazo zina hesabu. Gogo la sentimita 60 ni 44 mm, unene wa sentimita 5 hadi 12 ni 4 hadi 9 mm. Tumia vijiti vya kweli vyenye gamba, vya mti wenye gamba laini. Gamba la mwembe mkubwa lina nyufa kubwa mno kwa kipimo hiki. Kata kwa msumeno wa meno madogo, si kwa koleo, kwani koleo linabonyeza ncha na gogo linaonekana limetafunwa. Baadhi yapasue mara mbili kwa kisu, yale manene hasa, kwa sababu gogo zima la sentimita 12 mpiga kuni asingeliingiza mlangoni mwa tanuri bila kulipasua. Kabla ya kuyapanga yaweke kwenye oveni ya nyuzi 90 kwa saa moja, vinginevyo bungua watahamia kwenye kibanda chako na utaanza kuona unga mweupe chini ya injini. Panga safu mbili za chini kwa gundi, za juu ziache legelege.